Springi Hulia Kabla ya Kuvunjika



Kikundi kikichanga mpaka kikanunua pikapu, hata kama ni kuukuu, siku hiyo ni siku ya furaha. Maziwa yatafika mapema kabla hayajaharibika. Mahindi hayatangoja broka aje kupanga bei yake shambani. Na usiku mama akishikwa na uchungu, hapana haja tena ya kumbeba kwa kitanda mpaka barabara kubwa.

Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili gari linaanza kulia. Likipita kwenye tuta linasema "kwii, kwii". Likiingia shimoni linasema "gu!" Dereva anazoea, na abiria wanazoea. Mwenyekiti akiuliza anaambiwa, "Hiyo ni kawaida ya gari mzee."

Sisi pia tulizoea. Ngoja tuwaeleze yaliyotupata.

Ofisi yetu ilikuwa na pikapu ya tani moja. Siku moja tulipakia mifuko 28 ya saruji ya kujengea tangi la maji. Mfuko mmoja ni kilo 50, kwa hivyo saruji peke yake ilikuwa kilo 1,400. Juu ya saruji wakaketi vijana watatu. Tulijua mzigo ni mwingi, lakini tulitaka kuokoa pesa za safari ya pili. Tukiteremka mlima tulisikia mlio kama wa bunduki. Nyuma upande wa kushoto gari likalala, likaanza kuvuta kwenda kando, na tairi ikasugua bodi mpaka ikatoa moshi. Dereva wetu alikuwa mzoefu, akalisimamisha pole pole. Hakuna aliyeumia. Tulilala pale pale tukilinda saruji, na mvua ikatunyeshea.

Asubuhi fundi alipofungua springi alituonyesha jani lililokatika. Mahali lilipokatikia palikuwa na rangi mbili. Sehemu kubwa ilikuwa ya kahawia, imeshika kutu. Sehemu ndogo ilikuwa inang'aa kama shilingi mpya. Akasema, "Hii yenye kutu ni ufa wa zamani. Hii inayong'aa ndiyo ya jana."

Basi kwa muda mrefu tulikuwa tunatembea juu ya chuma kilichokatika nusu. Tulihesabu siku. Wiki mbili tu kabla ya hapo, pikapu hiyo hiyo ilikuwa imeteremka mlima huo huo usiku, ikimpeleka mama mjamzito hospitali.

Wazee wetu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauwezi kuzibwa kama hakuna aliyeinama kuutazama. Kuna ukaguzi ambao kikundi chenyewe kinaweza kufanya nyumbani, saa moja tu kila mwezi, bila kumlipa mtu. Tena kuna kazi ambazo hatufai kuzigusa hata kidogo. Tutazieleza zote mbili.

SPRINGI NA SHOKI: NANI ANAFANYA NINI?

Tunasema juu ya pikapu ya kawaida ya mashambani, ile ambayo nyuma yake ina springi za majani. Majani haya ni vyuma virefu vilivyopindwa kama upinde na kupangwa kimoja juu ya kingine.

Jani refu kuliko yote ndilo jani kuu. Limekunjwa kwenye ncha zake mbili likafanya matundu, ambayo mafundi huyaita macho. Jicho la mbele limefungwa kwenye chasisi kwa bolti. Jicho la nyuma limefungwa kwenye sheko, kile kipande cha chuma kinachocheza mbele na nyuma. Sheko ina maana yake. Upinde ukikandamizwa na mzigo hunyooka, na ukinyooka unakuwa mrefu zaidi. Sheko inaupa nafasi. Ndani ya macho mna bushi za raba, ili chuma kisisuguane na chuma.

Majani yote yanashikwa pamoja katikati na bolti moja inayoitwa senta bolti. Kichwa chake kinaingia katika tundu lililoko kwenye ekseli, na hicho ndicho kinachozuia ekseli isiteleze mbele au nyuma. Lakini senta bolti haina nguvu ya kufanya kazi hiyo peke yake. Wanaobana springi na ekseli ni yu-bolti, zile zilizopindwa kama herufi U. Kila upande ziko mbili, na nati zake nne. Yu-bolti zikilegea, majani huanza kucheza, senta bolti inakatika, au jani kuu linapasuka pale pale kwenye tundu la katikati. Nati iliyolegea kidogo inaweza kuangusha gari zima.

Sasa shoki, yaani shokabsoba. Watu wengi wanadhani shoki ndiyo inayobeba mzigo. Sivyo. Mzigo unabebwa na springi. Shoki ni bomba lenye oili ndani, na pistoni yenye matundu madogo. Springi ikiruka, oili inalazimishwa kupita katika matundu yale, na mruko unapungua. Nguvu ya mruko inageuka kuwa joto. Shoki ikifa, gari linadunda kama mpira. Tairi inapodunda haishiki barabara vizuri, kwa hivyo hata ukikanyaga breki gari linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Kwa hiyo msiseme shoki ni starehe ya abiria. Shoki inasaidia breki kufanya kazi.

MZIGO NDIO ADUI WA KWANZA

Mashimo yanaharibu springi, na mwendo wa kasi juu ya matuta unaharibu zaidi. Lakini adui wa kwanza ni mzigo. Pikapu ya tani moja ilitengenezwa kubeba kilo 1,000 hivi, na watu pia ni mzigo. Someni kitabu cha gari lenu mjue kiasi chake hasa, halafu mpige hesabu kabla ya kupakia.

Gunia la mahindi ni kilo 90. Magunia 9 ni kilo 810. Dereva na mwenzake, tukiwapa kilo 70 kila mmoja, ni kilo 140. Jumla ni kilo 950, na gari limejaa. Magunia 15 ni kilo 1,350 kabla hata dereva hajaingia. Na maziwa je? Lita 50 za maziwa zina uzito wa kilo 51 na zaidi kidogo, bila kuhesabu mkebe wenyewe.

Wengine husema, "Basi tuongeze majani mawili ya springi, tubebe zaidi." Ni kweli gari litaacha kulala nyuma. Lakini breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile na chasisi ni ile ile. Hapo mmeficha dalili, ugonjwa bado uko. Tena siku ambayo hakuna mzigo, gari litakuwa gumu kama mkokoteni na litaruka ovyo kwenye kona.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Havina gharama kubwa, na vingi mnavyo tayari:

– jeki nzuri na spana ya magurudumu;
– spana zinazoenea nati za yu-bolti na za shoki;
– kabari nne za mbao za kuzuia magurudumu;
– vipande vinne vya gogo gumu, pana na tambarare juu na chini, au stendi za chuma;
– brashi ya waya na vitambaa vikuukuu;
– chaki nyeupe na mafuta ya taa kidogo;
– rangi ya mafuta kidogo na kijiti cha kupakia;
– tepu ya kupimia, tochi na daftari.

USALAMA KWANZA

Hapa hatutaki mzaha. Jeki ni ya kuinua gari, si ya kulishikilia. Jeki inaweza kuteleza au kuzama kwenye udongo, na gari likikuangukia hakuna wa kulizuia. Mtu asiingize kichwa, kifua wala mguu chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake.

Chagueni mahali tambarare na pagumu. Funga hendibreki na kuweka gia. Halafu weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ambayo hayatainuliwa. Hapa wengi hukosea. Kwenye pikapu nyingi hendibreki hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, magurudumu hayo yako hewani, na hendibreki haishiki kitu. Kabari za mbele ndizo zitakazokuokoa.

Gari likishainuliwa, weka magogo au stendi chini ya ekseli au chasisi, teremsha gari likae juu yake, kisha lisukume kidogo uone kama limetulia. Usitumie matofali wala mawe. Tofali likibeba uzito mkubwa hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Na watoto wakae mbali.

Jambo la kushukuru ni kwamba karibu ukaguzi wote tunaoueleza hapa unafanywa magurudumu yote yakiwa chini.

UKAGUZI WA KILA MWEZI

1. Pima urefu. Toa mzigo wote. Hakikisha tairi za kushoto na kulia zina upepo sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi. Fanya hivyo pande zote nne na uandike daftarini. Kushoto na kulia zikitofautiana sana, au upande mmoja ukishuka kila mwezi, springi ya upande huo imechoka au ina jani lililovunjika. Macho yanasahau, daftari halisahau.

2. Pima ekseli. Elekeza magurudumu ya mbele yatazame mbele kabisa. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Vipimo vifanane. Visipofanana, huenda ekseli imeteleza. Dalili nyingine ni gari kwenda upande upande kama mbwa anavyokimbia. Hapo msiendelee na safari, iteni fundi.

3. Safisha na utazame majani. Piga springi brashi ya waya mpaka matope na kutu iliyolegea itoke. Tazama kwa tochi, hasa karibu na yu-bolti, karibu na macho, na pale ncha ya jani fupi inapogusa jani refu. Jani likiwa limetokeza upande kuliko wenzake, jueni kuna kitu kimelegea au kimekatika.

4. Tafuta ufa kwa chaki. Hii ni njia ya zamani na inafanya kazi. Pahali mnapopashuku, safisheni vizuri, kisha mpake mafuta ya taa. Ngojeni kidogo yaingie. Pangusa mpaka pakauke kabisa. Halafu paka unga wa chaki. Gonga springi kwa nyundo ndogo na usubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mstari huo ndio ule ufa wetu wa zamani. Msifanye kazi hii karibu na moto au sigara.

5. Kagua yu-bolti. Vumbi jekundu la kutu linalotoka kati ya springi na ekseli, au chuma kinachong'aa kwa kusuguana, ni ishara kwamba yu-bolti zimelegea. Zikishakazwa vizuri, choreni mstari mdogo wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye bolti. Mwezi ujao tazameni. Kama mstari umekatika na pande zake hazikutani, nati imezunguka. Hata mtu asiyejua gari anaweza kuona hilo.

6. Kagua bushi na sheko. Raba iliyopasuka, iliyotoka nje au iliyoisha hufanya chuma kigonge chuma. Ile "gu, gu" ya kila siku mara nyingi inatoka hapa. Sheko iwe imesimama vizuri na isiguse chasisi.

7. Kagua shoki. Bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu mara mbili tatu, kisha uachilie. Gari lipande na litulie. Likiendelea kunesa nesa, shoki imeisha. Lakini nyuma ya pikapu tupu ni kugumu, kipimo hiki kinaweza kudanganya. Kwa hivyo tazameni pia kama oili inachuruzika kwenye bomba, kama bomba limebonyea, na kama raba zake ziko. Njia nyingine ni kugusa shoki kwa uangalifu mara tu baada ya safari mbaya. Moja ikiwa na joto na ya upande wa pili ni baridi, ile baridi haifanyi kazi. Angalieni tu msiguse ekzosi.

8. Soma tairi. Tairi iliyolika kwa vibaka vibaka, hapa imeliwa na pale bado, mara nyingi inasema shoki zimekufa. Iliyolika upande mmoja tu inasema magurudumu hayakai sawa.

9. Tikisa magurudumu ya mbele. Hapa ndipo mtainua, na magogo yawepo. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi au boljointi imelegea. Shika kushoto na kulia, utikise tena. Likicheza, huenda viungo vya usukani vimelegea. Kazi yenu ni kuona na kuandika. Kutengeneza ni kazi ya fundi.

MNAYOWEZA KUFANYA WENYEWE

Kukaza yu-bolti. Gari liwe chini, limesimama kwa magurudumu yake. Kaza nati moja kidogo, nenda kwa iliyo mkabala nayo kwa kukatiza, kisha nyingine, mkizunguka mpaka zote zikaze sawa. Msitie bomba refu kwenye spana ili mpate nguvu zaidi. Bolti huvutika, halafu inakatika. Mara ya kwanza mwombeni fundi mwenye spana ya kipimo awaonyeshe nguvu inayotakiwa kwa gari lenu. Springi au yu-bolti zikiwekwa mpya, zirudieni baada ya siku chache za kazi, maana hulegea zinapokaa mahali pake.

Kubadilisha shoki za nyuma. Kwenye pikapu nyingi ni bolti mbili tu, juu na chini. Jioni ya kuamkia kazi, safisheni nyuzi za bolti na kuzitia oili nyepesi ili kutu ilegee. Magurudumu yabaki chini na kabari ziwepo. Lingana shoki mpya na ya zamani, urefu uwe sawa na matundu yawe sawa. Shoki ya oili isimamisheni wima na kuivuta na kuisukuma mara kadhaa ili hewa itoke. Ile ya gesi huja imefungwa kamba, ifungeni kwanza juu kabla ya kukata kamba. Nati yenye raba kazeni mpaka raba ianze kufura, isipondeke. Badilisheni mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Shoki ya zamani msiitoboe wala kuitupa motoni, kwa sababu ina shinikizo ndani.

Kutia grisi. Gari lenu likiwa na nipo za grisi kwenye pini za springi au kwenye viungo, zipangusieni kwanza, kisha mtie grisi mpya mpaka ile chafu itoke. Lakini pasipo na nipo, pana raba, msitie chochote. Kuna tabia ya kumwagia springi oili chafu ya injini ili zinyamaze. Zitanyamaza kweli, lakini oili hufanya raba ifure na kuoza, na vumbi linaganda pale na kuficha ufa. Tena oili chafu ni mbaya kwa ngozi ya mtu, na ni sumu kwa maji ya mto.

MSIYOFAA KUGUSA

Msichomelee jani la springi. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa namna maalum ili kipindike na kurudi. Moto wa kuchomelea unaua kazi hiyo. Jani lililochomelewa litashikilia siku chache, kisha litavunjika pembeni mwa weldi, labda mlimani, labda usiku. Mafundi wetu wa Jua Kali wengi wana ujuzi mkubwa, lakini mkiona mmoja anavuta mashine ya kuchomelea kuelekea springi, msimamisheni kwa heshima.

Msifungue springi za mviringo za mbele, wala vyuma vya kujinyonga vilivyoko mbele ya baadhi ya pikapu. Vyote hivyo vimefinywa kwa nguvu nyingi. Vikiponyoka vinaweza kuua mtu. Fundi ana kifaa cha kuvibana.

Msitoe springi ya majani wala kufungua yu-bolti zote nyumbani. Kukaza ni sawa, kufungua ni kazi ya fundi. Akibadilisha springi, mwambieni aweke yu-bolti mpya na senta bolti mpya, kwa sababu za zamani zimekwisha kuvutika. Na mwombeni spea za zamani mrudi nazo nyumbani. Kikundi kione pesa zake zilikokwenda.

Na dukani muwe macho. Shoki iliyopakwa rangi mpya si lazima iwe shoki mpya.

GARI LISITOKE KAMWE kukiwa na lolote katika haya: jani kuu lina ufa au limevunjika, ekseli imeteleza, yu-bolti imekatika au nati yake haipo, gurudumu la mbele linacheza, usukani unavuta ghafla upande mmoja. Hata kama ni siku ya soko. Hata kama mzigo umeshapakiwa.

NANI ANASEMA "LEO HALIENDI"?

Tumebakisha jambo moja, na kwetu ndilo gumu kuliko yote. Baada ya springi yetu kuvunjika tulikaa kikao. Tulikuwa tayari kumlaumu dereva. Ndipo mzee huyo akasema kwa upole kwamba mlio ule alitueleza mara tatu. Tulinyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli. Kila mara tulimjibu kwa swali moja: "Gari linatembea au halitembei?" Alipojibu kwamba linatembea, tulimpa mzigo mwingine. Springi ililia, dereva akalia, sisi tulikuwa na haraka.

Gari la kikundi ni la wote, na kwa sababu hiyo linaweza kukosa mwenyewe. Dereva anaogopa kuonekana mvivu, mweka hazina anaogopa gharama, na mwenyekiti anataka safari zisisimame. Kwa hivyo sisi tuliamua hivi, na tunawashauri nanyi mfikirie:

– Kila mwezi wanachama wawili, pamoja na dereva, wanakagua gari. Wawili hao wabadilishwe kwa zamu, wanawake kwa wanaume. Kazi ya brashi, chaki na tepu haihitaji leseni.
– Wanaandika daftarini tarehe, vipimo na walichokiona, na kutia sahihi.
– Wakisema "leo haliendi", haliendi. Hata mwenyekiti asibadilishe neno hilo mpaka fundi atazame.
– Dereva akileta habari ya mlio, ashukuriwe. Asikatwe mshahara wala kuchekwa.
– Katika kila safari ya kukodisha, sehemu ya pesa iwekwe kando kwa ajili ya spea, kabla ya kugawana faida. Haba na haba hujaza kibaba.

Jani moja la springi likionekana mapema na ufa wake, gharama yake ni jani, yu-bolti na siku moja ya fundi. Likingojwa mpaka livunjike njiani, mtalipa jani, tairi, gari la kuvuta na mzigo ulioharibika. Na yule aliyekuwa amelala nyuma ya pikapu akipelekwa hospitali usiku, hatujui tungemlipa nini.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Pikapu yetu inaruhusiwa kubeba kilo ngapi? Safari ya mwisho ilibeba ngapi, pamoja na watu?
2. Ni mlio gani wa gari letu ambao tumeuzoea? Unatoka wapi?
3. Dereva wetu aliwahi kutuambia nini juu ya gari, na tulimjibu nini?
4. Nani watakagua mwezi huu, na daftari litawekwa kwa nani?

Kikundi kisicho na gari nacho kinaweza kuyatumia haya. Siku mnapokwenda kununua pikapu kuukuu, chukueni tepu, tochi, brashi na kipande cha chaki. Muuzaji akisema gari halina shida yoyote, mwambieni asante, kisha mwiname mtazame chini.